Prosesa Ipi Ina Nguvu: ya Seva au ya Kompyuta ya Mezani?

(Maneno ya somo la radio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima. Kiongozi wa darasa aandike ubaoni hesabu zilizomo.)

Natumaini kila mmoja amekwisha kukaa, na daftari na kalamu yake vi tayari.

Somo letu la leo lahusu kompyuta. Msishtuke. Sitawafundisha kubonyeza vitufe. Leo nataka tujifunze kupima. Mnunuzi asiyejua debe hupunjwa sokoni, na asiyejua mizani hudanganywa kwa ratili. Kadhalika asiyejua kupima kompyuta huuziwa sifa badala ya mashine.

Tuseme watu wa kata moja wamechanga fedha ili shule yao ipate kompyuta. Kamati imekwenda mjini. Muuzaji anawaonyesha mashine mbili zilizokwisha tumika. Ya kwanza ni kompyuta ya mezani ya kawaida. Ya pili ni kubwa, nzito, yenye feni nyingi. Ilikuwa seva katika ofisi fulani. Muuzaji asema, "Wazee wangu, chukueni hii kubwa. Ina viini vingi, basi ndiyo yenye mbio kuliko zote."

Je, asema kweli? Fedha iliyo mfukoni mwa kamati ni mahindi ya watu, ni ulezi wa watu, pengine ni ndama wa mjane. Yafaa tujue jibu kabla fedha haijatoka mfukoni.

Prosesa ni nini, na seva ni nini?

Ndani ya kila kompyuta mna kipande kidogo kinachofanya hesabu zote. Kipande hicho huitwa prosesa. Wengine hukiita kichakataji. Ukiandika barua, ukijumlisha mapato au ukitazama picha, prosesa ndiyo itendayo kazi.

Kompyuta ya mezani humtumikia mtu mmoja aliyekaa mbele yake. Seva ni kompyuta inayowatumikia watu wengi kwa wakati mmoja, nao hawaioni. Wewe uliyeko Ringwani umekwisha kuitumia seva mara nyingi. Unapomtumia mwanao aliyeko Mwanza fedha kwa simu, habari yako hupanda mnara, husafiri mpaka kwenye seva, na seva hupunguza fedha kwako na kuiongeza kwake. Unaponunua umeme wa LUKU, ni seva inayokupa zile tarakimu za kuingiza katika mita. Seva za namna hii hukaa katika majengo maalum yenye umeme wa akiba na mitambo ya kupoza hewa. Kimojawapo ni Kituo cha Taifa cha Kuhifadhi Data kilichoko Kijitonyama, Dar es Salaam.

Seva yaweza kuwa mbali sana. Majirani zetu wa Kenya walianza kutumia M-Pesa mwezi Machi mwaka 2007. Kwa miaka mingi seva za huduma hiyo zilikuwa Ujerumani, na zilihamishiwa Kenya mwaka 2015. Mtu wa Isebania alipomtumia fedha jirani yake wa nyumba ya pili, hesabu yake ilikwenda Ulaya na kurudi.

Vipimo viwili vya kwanza

Prosesa hupimwa kwa mambo mengi, lakini tuanze na mawili.

La kwanza ni mapigo. Prosesa hufanya kazi kwa mapigo, kama watu wanaotwanga kwa kufuata mdundo mmoja. Katika karatasi ya mashine mtaona herufi GHz, yaani gigahezi. Gigahezi moja ni mapigo bilioni moja kwa sekunde.

La pili ni viini. Zamani prosesa ilikuwa na mtendaji mmoja tu ndani yake. Siku hizi ina watendaji wengi, na kila mmoja huitwa kiini. Viini kumi ni wafanya kazi kumi ndani ya nyumba moja.

Sasa tuchukue mfano wa kweli. Mwaka 2022 kampuni ya AMD ya Marekani ilitoa prosesa mbili ambazo viini vyake ni vya ukoo mmoja, uitwao Zen 4. Moja ni ya kompyuta ya mezani, jina lake Ryzen 9 7950X. Nyingine ni ya seva, jina lake EPYC 9654. Mwaka 2024 kampuni hiyo ilileta ukoo mwingine, Zen 5, lakini kanuni tutakayojifunza ni ile ile. Andikeni ubaoni:

Prosesa ya mezani: viini 16. Mwendo wa msingi, mapigo bilioni 4.5 kwa sekunde. Mwendo wa juu kabisa, bilioni 5.7.

Prosesa ya seva: viini 96. Mwendo wa msingi, mapigo bilioni 2.4 kwa sekunde. Mwendo wa juu kabisa, bilioni 3.7.

Tazameni vizuri. Ya seva ina viini vingi mara sita. Lakini kila kiini chake ni cha polepole kuliko kile cha mezani. Wengi hawalitazamii jambo hili. Hudhani mashine kubwa ina kila kitu kikubwa.

Kwa nini seva imefanywa ya polepole? Sababu ni joto. Mtu akikimbia hutoka jasho jingi kuliko akitembea, hata kama njia ni ile ile. Prosesa nayo, ukiiongeza mbio kidogo, umeme unaotumika na joto linalotoka huzidi sana. Mtengenezaji ameipimia ile ya mezani wati 170, na ile ya seva wati 360. Gawanyeni. Wati 170 kwa viini 16 ni zaidi ya wati 10 kwa kila kiini. Wati 360 kwa viini 96 ni chini ya wati 4 kwa kila kiini. Viini 96 vikikimbizwa wote kama vile vya mezani, joto lake lingekuwa kubwa mno. Basi mtengenezaji amewaambia tembeeni, lakini tembeeni wengi.

Risaga na mkamuaji

Wenzetu wa Ringwani wanajua vizuri risaga, yaani wito wa majirani kulima shamba la mmoja wao. Mwenye shamba huandaa chakula na kinywaji, na asubuhi majirani hufika na majembe. Shamba ambalo mtu hodari angelipalilia kwa siku nyingi, risaga hulimaliza kwa siku moja. Si lazima kila aliyekuja awe hodari kuliko wote. Shamba limegawanyika, kila mtu ana mstari wake.

Lakini sasa ni jioni, na ng'ombe mmoja anangoja kukamuliwa. Je, mtawaita watu 96? Ng'ombe mmoja hakamuliwi na watu 96. Hapo mwataka mkamuaji mmoja mwenye mkono mwepesi. Wale wengine 95 watasimama zizini wakitazama.

Basi ndugu zangu, kazi za kompyuta nazo ni za namna mbili. Ziko kazi zinazogawanyika, kama shamba. Watu elfu wanapotuma fedha, kila mmoja ana hesabu yake, wala haimngoji mwenzake, ila pale wanapogusa akaunti moja. Na ziko kazi zisizogawanyika, kama kukamua ng'ombe mmoja. Mtu mmoja anapofungua barua moja au jedwali moja la hesabu, hatua ya pili hungoja ya kwanza, na ya tatu hungoja ya pili. Hapo mapigo ya kiini kimoja ndiyo yenye maana.

Hesabu ya ubaoni

Tujaribu kwa tarakimu. Tuseme iko kazi moja isiyogawanyika. Kiini kimoja kinafanya kazi peke yake, nacho kimepandishwa mwendo wake wa juu kabisa. Kama kazi hiyo huchukua sekunde 37 katika kompyuta ya mezani, itachukua sekunde 57 katika seva. Kompyuta ya mezani imeshinda.

Sasa tuseme ziko kazi 96, kila moja ya mtu wake, nazo zimefika pamoja. Viini vyote vinafanya kazi, kwa hiyo tutumie mwendo wa msingi. Kila kazi huchukua sekunde 10 kwa kiini cha mezani. Kwa kiini cha seva itachukua karibu sekunde 19, maana mapigo yake ni machache. Kompyuta ya mezani ina viini 16, basi itachukua kazi 16, halafu 16 nyingine, mpaka zimalizike kwa zamu sita. Zamu sita za sekunde 10 ni sekunde 60. Seva ina viini 96, itazichukua zote mara moja na kuzimaliza kwa sekunde 19. Sasa seva imeshinda, tena kwa mbali.

Mmeona? Mashine ni zile zile, lakini mshindi amebadilika kwa sababu kazi imebadilika. Hesabu hii ni ya kujifunzia. Katika kazi ya kweli mwendo hutegemea pia programu, kumbukumbu na vipande vingine vya mashine. Lakini njia ya kufikiri ndiyo hii.

Mambo mengine matatu

Mwendo si kila kitu. Yako mambo mengine matatu ambayo seva hutofautiana nayo.

Kwanza, milango ya ghala. Prosesa huchukua habari zake kutoka katika kumbukumbu ya kompyuta, kama wapishi wanaochukua unga ghalani. Ghala likiwa na mlango mmoja na wapishi ni wengi, watapanga mstari. Ile prosesa ya mezani tuliyoitaja ina njia 2 za kumbukumbu. Ile ya seva ina 12. Bila njia hizo, viini 96 vingekaa vikingojana mlangoni.

Pili, usahihi. Kompyuta huandika kila namba kwa alama mbili tu, 0 na 1. Shilingi 20,000 huandikwa hivi: 100111000100000. Mara chache, kwa hitilafu ndogo ya umeme au kwa sababu nyingine, alama moja yaweza kugeuka katika kumbukumbu. Ile 1 ya mwanzo ikigeuka kuwa 0, namba hiyo itasomeka shilingi 3,616. Alama moja tu, na karani asiye na kosa amepotewa na zaidi ya shilingi 16,000! Kwa hiyo seva hutumia kumbukumbu yenye alama za ziada za kukagua, ambazo huliona kosa la alama moja na kulisahihisha papo hapo. Katika kompyuta nyingi za mezani kinga hiyo haiwekwi. Mtu anayeandika barua hatadhurika sana. Mwenye kutunza fedha za maelfu ya watu hawezi kukubali.

Tatu, gharama. Zilipotangazwa, prosesa ile ya mezani ilikuwa dola 699 za Marekani, na ile ya seva dola 11,805. Viini ni mara sita, lakini bei ni karibu mara 17. Nayo seva kwa kawaida haizimwi. Prosesa ya wati 360 ikifanya kazi kwa kipimo hicho saa 24, itakula uniti 8.64 za umeme kwa siku. Ile ya wati 170, ikifanya kazi saa 8 na kuzimwa, itakula uniti 1.36. Na hapo tumehesabu prosesa peke yake, hatujagusa feni wala vipande vingine. Anayelipa LUKU anaelewa.

Fundisho la miaka ya nyuma

Nchi yetu imekwisha kulipa ada ya somo hili. Mwaka 1965 Serikali iliweka kompyuta yake ya kwanza katika Wizara ya Fedha. Ilikuwa mashine ya aina ya ICT 1500. Katika miaka iliyofuata hesabu za Serikali zilitiwa katika kompyuta, lakini kazi haikwenda kama ilivyotazamiwa, na Serikali ikapata hasara. Mwaka 1974 ikapigwa marufuku kuingiza kompyuta nchini. Baadaye marufuku hiyo ililegezwa, ikaondoka.

Sisemi kwamba mashine zile zilikuwa mbovu. Kununua mashine ni jambo moja, na kuifananisha na kazi, na watu watakaoitumia, ni jambo jingine. Kama Hazina ya nchi nzima iliweza kupata hasara, kamati ya shule nayo haina budi kuwa na hadhari.

Kamati iulize nini?

Sasa turudi kwa wazee wetu walioko mbele ya muuzaji. Kabla ya kutoa fedha, na waulize maswali manne.

Swali la kwanza: mashine hii itafanya kazi gani? Kama ni mwalimu mmoja kuandika mitihani na kupanga alama, hiyo ni kazi ya mkamuaji mmoja. Viini vichache vyenye mapigo mengi vyatosha. Viini vingi vya seva vitakaa bure.

Swali la pili: ni watu wangapi watakaoitumia kwa wakati mmoja? Ziko shule zinazoweka mashine moja kubwa, na kila mwanafunzi akawa na kioo na kibodi vilivyounganishwa nayo. Hapo shamba limegawanyika, na prosesa ya seva yaweza kufaa sana. Lakini kumbukeni, mashine hiyo ikizimika, darasa zima limesimama.

Swali la tatu: prosesa hii ni ya mwaka gani? Pigo moja la prosesa ya zamani halifanyi kazi sawa na pigo moja la prosesa ya karibuni. Prosesa ya seva ya miaka mingi iliyopita yaweza kushindwa na ya mezani ya karibuni, hata kama ile ya zamani ina viini vingi zaidi. Someni jina lake. Kampuni ya Intel huziita za mezani Core, na za seva Xeon. Jina hilo Xeon lilianza mwaka 1998. AMD huziita za mezani Ryzen, na za seva EPYC. Zote mbili zilianza mwaka 2017. Jina peke yake halitoshi. Andikeni pia namba inayolifuata, mkamwulize mtu anayejua mwaka wake.

Swali la nne: umeme na vipuri vitatoka wapi? Mashine inayokula uniti nyingi, au ambayo kipande chake kikifa hakipatikani Mugumu wala Musoma, itageuka kabati la chuma.

Muuzaji aliyesema "ina viini vingi, basi ndiyo yenye mbio kuliko zote" amesema nusu ya kweli. Ina mbio kwa kazi ya wengi. Kwa kazi ya mmoja yaweza kuachwa nyuma. Nusu ya kweli yaweza kumaliza mchango wa kijiji kizima.

Basi, ndugu wasikilizaji, likumbukeni neno moja la leo. Mtu akiwaambia mashine hii ina nguvu, mwulizeni: nguvu ya kufanya kazi gani, na kwa watu wangapi? Asiyeweza kujibu, msimpe fedha zenu.

Maneno ya kuandika daftarini

Prosesa: kipande cha kompyuta kinachofanya hesabu.
Kiini: mtendaji mmoja ndani ya prosesa.
Gigahezi: mapigo bilioni moja kwa sekunde.
Seva: kompyuta inayowatumikia watu wengi kwa wakati mmoja.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Tajeni kazi mbili za kijijini zinazogawanyika kwa watu wengi, na mbili zisizogawanyika.
2. Prosesa moja ina viini 8, na kazi 40 za aina moja zimefika pamoja. Kila kazi huchukua sekunde 10. Zitamalizika kwa zamu ngapi, na kwa sekunde ngapi?
3. Kwa nini seva ya fedha huhitaji kumbukumbu inayojikagua?
4. Zahanati yataka kompyuta ya kuandika majina ya wagonjwa. Atakayeitumia ni mganga mmoja. Mtaishauri inunue ipi, na kwa sababu gani?

Kiongozi wa darasa awape wote nafasi ya kusema, hasa wale wanaokaa nyuma.